Sekunde Tisa

Mzee aliyeingia studio bila kubisha hodi alisema yeye ndiye mpiga dramu wa wimbo wa zamani niliokuwa nikiusafisha sauti kwenye kompyuta.

"Mwanangu, pale kijiti cha dramu kiliponivunjikia nikahangaika kutafuta kingine, pafute. Mpaka leo mtaani naitwa Kijiti. Sasa na wajukuu nao waje wanicheke?"

Wimbo wenyewe ni roki iliyorekodiwa jukwaani, inazunguka dakika ishirini na mbili bila mwimbaji, na nimeipenda tangu chuo kwa ajili ya pale pale. Dramu zinanyamaza, gitaa linabaki peke yake likipapasa kama mtu anayetafuta mlango gizani, kisha dramu zinarudi na ukumbi mzima unapumua. Kanda yenyewe imeshaoza. Iliyobaki ni nakala hii moja.

"Babu, sikiliza kwanza mpaka mwisho," nilisema, nikiwa na hakika nitamshinda. "Ukisema tena nifute, nafuta. Naahidi."

Akafumba macho. Vidole vyake vilipiga gotini, vikifuata kila pigo. Dakika ya kumi na nne vikasimama, vikabaki hewani sekunde tisa, kisha vikashuka pamoja na dramu.

Wimbo ulipoisha alijipangusa macho kwa kiganja.

"Tulikuwa tunapiga muziki, wewe."

"Umeona, babu?"

"Nimeona. Futa."

Niliweka alama mwanzo wa zile sekunde, nikaweka nyingine mwisho wake, nikazisikiliza kwa mara ya mwisho. Kisha nikazifuta.