Soprano wa Wiki Sita

Mwalimu Tumsifu alipanda bodaboda kwenda Matongo akiwa amevaa joho la kwaya, ili huyo Mogesi ajue anashughulika na mtu wa namna gani.

Joho lilijaa vumbi kabla hajafika mbali, lakini hasira zilikuwa palepale. Wiki sita tu tangu amgundue Gati (ndivyo alivyokuwa akisema, "nimemgundua", kana kwamba binti wa watu alikuwa amepotea), na tayari Mogesi katoa ng'ombe kumi na wanne, kamuoa. Jumapili ni mashindano. Bila soprano ya Gati kwaya ingeshika mkia mwaka wa tatu mfululizo, na paroko alishadokeza kwamba walimu wa kwaya wako wengi.

Sadock, mpiga kinanda, mzaliwa wa huko huko, alikuwa amejaribu kumtuliza kabla hajaondoka. "Mwalimu, usiende kwa shari. Kwa Mogesi hakuna mwanaume wa kugombana naye."

"Kumbe mwoga!" alicheka Tumsifu, mtu wa Rombo, mwezi wa nane kazini Tarime na tayari mtaalamu wa mila zote.

Kwa Mogesi alimkuta bibi mmoja uani akipukuchua mahindi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karibu."

Gati alileta kiti, akamsalimu mwalimu wake kwa aibu, akarudi jikoni akiimba polepole. Tumsifu alitaka kulia. Sauti ile, jikoni!

"Namtaka Mogesi," alisema. "Mwambie kipaji hakinunuliwi kwa ng'ombe! Gati aimbe Jumapili. Akikubali, chochote atakachotaka kwangu nitampa. Naapa mbele ya Mungu."

Bibi aliacha mahindi. "Chochote?"

"Chochote."

"Una mke?"

"Sina."

"Kwenu mmezaliwa wangapi?"

"Saba. Wanaume watupu."

Bibi alimtazama kuanzia viatuni hadi utosini, bila haraka, kama mtu aliyeko mnadani.

"Mogesi ni mimi," alisema. "Sikujaliwa mtoto wa kiume, ndiyo maana nimemuoa Gati kwa mila yetu, azalie nyumba yangu. Wa kuzaa naye nilimwachia achague mwenyewe, akakutaja wewe. Jumapili ataimba. Chumba chenu ni kile pale, ameshatandika."