Panya na Aliyelala Chini ya Shamba

Alikuwapo Panya mmoja aliyejigamba kwamba shamba la mahindi ni lake, maana hata babu ya babu yake alizaliwa humo. Mwaka mmoja watu wakaacha kulima. Wakaziba mifereji iliyokausha ardhi, wakasema pale patarudi kuwa kinamasi, hifadhi ya ndege na wanyama. Maji yalipoanza kutuama, Korongo akatua.

"Toka!" Panya akamfokea mlangoni pa shimo lake. "Hapa ni kwetu!"

Papo hapo, ndani ya shimo, sakafu ikapasuka. Kikachomoza kichwa kilichojaa matope, kikapiga mwayo. Panya akageuka kutazama. Samaki! Kamongo, pale pale wanapolala wanawe!

"We-wewe umeingiaje humu?"

"Sikuingia, bwana," Kamongo akajibu kwa upole. "Nilijifukia hapa kinamasi kilipokauka, nikalala kungoja maji. Miaka yote hiyo mmekuwa mkiishi mgongoni mwangu."

Panya akaingia shimoni. Akawahamisha wanawe mmoja mmoja hadi kwenye tuta kavu. Huko, kabla ya kuchimba, akaigonga ardhi kwa ukucha.

"Hodi," akasema kwa sauti ndogo. "Hapa pana mwenyewe?"