Mbuzi wa Kwenye Sarafu

Sultani, mbuzi wa pembe moja wa Bi Somoe, alikuwa ameshauzwa kwa mchinjaji asubuhi hiyo. Mlinzi wa magofu ndiye aliyeshikilia auzwe, maana kila siku mbuzi huyo alipanda juu ya lango la kale.

Mchana mji mzima ulijaa uwanjani kwa uzinduzi wa sarafu ya madini ya fedha, iliyotengenezwa kwa heshima ya magofu hayo. Mgeni rasmi akaiinua. Lango lilichorwa vizuri, na juu ya lango alisimama mbuzi wa pembe moja. Mchoraji alifuata picha aliyopewa, hakuacha kitu.

"Jamani, si Sultani huyo!" mtu akapiga kelele.

Watu wakaangua kicheko. Bi Somoe hakucheka. Aliipokonya sarafu mkononi mwa mgeni, akakimbia nayo hadi machinjioni. Sultani alikuwa amelazwa chini, Chande mchinjaji akinoa kisu.

"Mwache, Chande! Tazama hapa!"

Chande akaitazama sarafu, akamtazama mbuzi, akaweka kisu chini. "Sasa wageni watakula nini, mama?"

"Watakula kuku wangu."

"Haya. Lakini kamba ni yangu."

Mlinzi akafika akihema. "Bi Somoe, mrudishe langoni upesi. Wageni wanataka kupiga naye picha."

Sultani alimgharimu Bi Somoe pesa zote alizopokea asubuhi, kuku wote wa bandani, na khanga mpya aliyomfungia shingoni, ambayo mbuzi aliitafuna njia nzima.