Mwizi Aliyelishwa Jogoo

Mwizi alikuwa anakula kuku.

Mchungaji Kefa alisimama mlangoni mwa ghala la kijiji akihema. Alikuwa ametoka Kiomboi kwa pikipiki, mbio njia nzima, akijua atakuta maiti. Mwaka juzi sungusungu wa kijiji hiki waliwachoma moto wezi watatu wa ng'ombe, na ni yeye aliyezika kilichobaki.

"Shikamoo, Mchungaji," alisema Benjamin, kamanda wao, upinde begani. "Tuliza moyo. Yuko hai."

"Marahaba. Mmempiga?"

"Hata kofi. Alikuwa na mshale pajani, tumeuchomoa, tumemwosha kwa maji ya chumvi. Polisi wako njiani wanamfuata."

"Jogoo wangu huyo," Festo, mwenye ng'ombe walioibwa, alidakia kutoka kwenye kona. "Ng'ombe kachukua, jogoo kala. Bado mke tu."

Wanaume wakacheka. Mwizi naye akataka kucheka, akaona aibu, akaendelea kutafuna.

Kefa aliketi juu ya gunia la alizeti. Tangu alipohudhuria semina ya sheria za vita pale Singida mjini, pamoja na mashehe na wachungaji wenzake, alikuwa akihubiri jambo moja tu. Adui akishikwa hauawi. Adui akiumia anatibiwa. Walimwita mchungaji wa wezi. Sadaka ikapungua. Yeye akakataa kuwaombea kabla ya msako, na bila maombi hakuna aliyethubutu kuingia porini. Mwezi wa tatu walikubali. Wote thelathini waliapa, mkono juu ya Biblia.

Na leo hii mwizi alikuwa anafyonza mfupa.

"Mungu awabariki," Kefa alisema, akijifuta macho. "Sikutegemea."

"Tulishaapa, Mchungaji," Benjamin alijibu. "Na imetusaidia. Zamani ukimpiga mwizi anataja hata waliokufa. Huyu tumempa maji, tumempa chakula, kafunguka mwenyewe. Wenzake wametoka mbali, hatuwajui. Ila aliyewafungulia zizi ni wa hapa hapa."

"Nani?"

"Noel."

"Noel yupi? Mwalimu wangu wa kwaya?"

"Huyo huyo. Tulipomfuata nyumbani hakubisha. Alikiri mbele ya mama yake."

Kefa akainuka. Ni yeye aliyembatiza Noel. "Mmemfungia wapi? Naye apewe chakula. Polisi wawachukue wote wawili, mimi nitapanda nao gari."

Wanaume walitazamana kama wanafunzi walioulizwa somo ambalo hawakufundishwa.

"Lakini Mchungaji," Benjamin alisema taratibu, kwa heshima zote, "Noel hakuwa adui. Alikuwa wa kwetu. Tumemchoma asubuhi."