Chura wa Kwenye Mvule

Chura wa mitini akilia ndani ya shina, wapasua mbao wa mji ule hawaukati mti huo, maana una shimo ndani na utachanika vibaya. Jana Mkude alimsikia yule wa kwenye mvule. Leo aligonga shina, akatega sikio. Kimya.

“Kahama huyo, kaka,” alisema Lukoo, mdogo wake, bila kumtazama. “Tukate. Nimechoka kurudi mikono mitupu.”

Wakakata. Msumeno ulipofika katikati, mvule ulichanika kwa kishindo, na pande zima likamwangukia Lukoo kifuani. Maji meusi yakamwagika kutoka shinani.

Mkude alipiga magoti, akamwita mdogo wake, akamwita tena. Hakuitika. Mfuko wa suruali ya Lukoo ulitikisika, na humo ndani chura akaanza kulia.