Rimoti ya Bibi Eduviges

"Wanaotaka televisheni ipunguzwe, wanyooshe mikono," alisema Yaretzi, amesimama katikati ya sebule.

Akanyoosha wa kwake. Mbwa aliendelea kulala. Bibi Eduviges, rimoti kifuani, aliigeukia picha ya Bikira wa Guadalupe ukutani, akasubiri kidogo kwa heshima.

"Bikira hajanyoosha," alisema. "Mbwa naye hajanyoosha. Umeshindwa, mwanangu. Sogea, unamziba bibi harusi."

Kwenye tamthilia, msichana kipofu alikuwa anakaribia kuolewa, bila kujua, na pacha wa mchumba wake, na nyumba nzima ilitetemeka kwa vinanda.

Mambo yalianzia kazini, kule San José. Kundi la waandishi wa programu za kompyuta lilikuwa halina kiongozi, na waliobaki kwenye mchujo walikuwa wawili: Yaretzi na Garrett. Garrett alikuwa na kipaji kimoja tu. Alichokwisha kusema Yaretzi, yeye alikirudia kwa sauti nene, akapigiwa makofi. Akipewa yeye cheo, Yaretzi angekaa akihubiriwa mawazo yake mwenyewe mpaka astaafu.

Jina la kiongozi lilikuwa mikononi mwa Doña Socorro Villaseñor, makamu wa rais wa kampuni, mwanamke pekee wa Kimeksiko kwenye ghorofa ya juu. Kila msichana wa kwao aliyeajiriwa pale, Doña Socorro alimpokea kama mama wa ubatizo anavyompokea mtoto, na ushauri wake ulimezwa vilevile, kama dawa.

"Kazi unaijua," alimwambia Yaretzi. "Ugonjwa wako ni kwamba unaomba radhi kabla hujamaliza sentensi. Una bibi?"

"Ninaishi naye."

"Anatazama tamthilia?"

"Mtaa mzima unaisikiliza kutoka kwetu."

"Basi mfanye apunguze sauti tamthilia ikiwa inaendelea. Usizime umeme, usimwite padri, na usimwambie sababu. Anayeliweza hilo anaweza kuongoza wahandisi mia. Niletee jibu Ijumaa adhuhuri, ndipo nipeleke jina."

"Samahani, Doña Socorro, hakuna mtihani mwingine? Hata wa hesabu?"

"Nimekusikia. Jibu ni hapana."

Yaretzi alitoka akicheka moyoni. Bibi Eduviges? Mtu wa Jalisco ya zamani yule, kule Meksiko. Ukimwita haitiki "nini", huitika "niamuru". Aliwaitikia hivyo wajukuu, madaktari, hata wauza bima wa kwenye simu, ndiyo maana nyumba ile ilikuwa na bima mbili za farasi na haikuwa na farasi.

Ila Jumamosi iliyotangulia bibi alikuwa amekwenda maktaba na wazee wenzake wa parokia, kwenye darasa lao la kujifunza kutumia simu, akarudi na uso wa mtu aliyekula kiapo.

"Bibi, samahani, punguza kidogo," Yaretzi alianza.

"Hapana."

Neno lilimtoka kama jino. Walishtuka wote wawili. Hata mbwa aliamka.

Kesho yake Yaretzi alibandika ukutani chati ya kelele za nyumbani. Bibi alivaa miwani akaikagua kwa makini.

"Mstari unapanda," alisema. "Hongera."

Baadaye Yaretzi akajaribu kumpa madaraka, maana vitabu vya uongozi vinashauri hivyo. Alimteua kuwa Mkurugenzi wa Ukimya. Bibi alikipokea cheo, akaomba msaidizi, akaongeza sauti.

Ile kura ya Alhamisi ndiyo ilikuwa silaha ya mwisho. Ilipoanguka, Yaretzi naye alianguka kwenye kochi, akalia kweli.

"Bibi, nakuomba. Siwezi kukwambia kwa nini. Punguza kwa dakika moja tu."

Kidole cha bibi kikaenda kwenye kitufe. Kikaishia juu yake. Midomo yake ilichezacheza kama ya mtu anayesali.

"Nimekusikia, mwanangu," alisema mwishowe. "Jibu ni hapana."

Kisha akakimbilia jikoni, akarudi na mkate mtamu mkubwa kuliko yote iliyokuwa kwenye mfuko, akamwekea mapajani. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Ni kwa ajili ya yule kipofu," alisema, akajifuta kwa aproni.

Ijumaa adhuhuri Yaretzi alipanda ghorofa ya juu kwenda kukiri kushindwa. Nje ya mlango alimpita Garrett, aliyekuwa akifanya mazoezi ya kupeana mikono na ua la kwenye chungu.

Ndani, Doña Socorro alikuwa akizungumza na simu iliyolala mezani, spika wazi. Humo kwenye simu harusi ya ile tamthilia ilikuwa ikirudiwa kwa kishindo, mpaka kalamu zikacheza kwenye kikombe.

"Kaa, mama, hebu nimalizane na huyu," alimnong'oneza Yaretzi. "Mwanafunzi wangu wa Jumamosi, kule maktaba. Hajawahi kumkatalia mtu maishani mwake, nikampa kazi: mpaka leo adhuhuri, hapo nyumbani, kila aombwalo akatae. Nimemkataza kusema sababu."

"Nimeweza, mwalimu!" simu ilipaza sauti juu ya vinanda. "Hata jana alipolia! Moyo ulinipasuka, lakini nilikataa!"

Yaretzi aliinama juu ya meza. Hakuomba radhi.

"Bibi."



"Niamuru, mwanangu."

"Punguza televisheni."

Vinanda vikashuka, vikashuka tena, mpaka chumba kikatulia kabisa, na kutoka upande wa pili wa mlango akasikika Garrett akilishukuru lile ua kwa kumteua.