Jaketi Jekundu

Baba alifungua kabati kutafuta mkanda wake. Kati ya majaketi ya ngozi aliyoyakusanya tangu ujana wake, lililokosekana ni lile jekundu.

Jekundu lilikuwa la kutokea tu. Ngozi yake ilikuwa nyembamba, na mishono ukiivuta kwa vidole viwili inafumuka. Mtu akianguka nalo kwenye lami, ni kama kavaa shati.

La pikipiki lilikuwa hili jeusi, zito, lenye sponji viwikoni na mgongoni. Asubuhi binti yake alilijaribu mbele ya kioo.

"Baba, limenikaa?"

"Mwanangu, umekuwa kama kochi," alimtania. Wakacheka wote wawili, kisha yeye akaenda zake kunywa chai.

Sasa binti alikuwa ameshashika barabara kuu na pikipiki yake mpya, na nje mvua ilikuwa imeanza.

Akampigia simu. Atamwambia asimame hapo hapo alipo, naye baba amfuate na lile jeusi kwa gari.

Simu ikaita. Iliita karibu sana, ndani ya kabati, kwenye mfuko wa jaketi jeusi.